Karaage, kuku ya kukaanga ya Japani: inaleta nini mu mwili, na wafugaji wanaweza kujifunza nini?



Mara mingi tukiongea juu ya kuku mu hii gazeti, tunaongea juu ya chanjo, banda, chakula na bei ya soko. Ni mara haba tunafuata kuku mupaka mu sahani. Lakini pale mu sahani njo kazi yetu yote inaishia: mutoto anapata nyama ao hapati, mununuzi anarudia kwetu ao anaenda kununua mapaja ya kuku ya frigo yenye kutoka ngambo.

Mu toleo hii tunafuata kuku mupaka mbali, mupaka Japani. Kule kuko namna moja ya kukaanga kuku yenye watu wanapenda sana, wakubwa kwa watoto. Inaitwa karaage, na inasomwa ka-ra-a-ge, sawa vile inaandikwa. Kuko na miji kule yenye imejulikana mu inchi yote juu ya hii chakula tu, na wafugaji wa kandokando wamepata soko.

Tunajiuliza maulizo mbili. Ya kwanza: hii kuku inaleta nini mu mwili wa mutu? Ya pili: mu ile kazi ya Wajapani, ni nini yenye tunaweza kufanya na vitu vyenye tuko navyo, na ni nini ya kuacha? Jibu kwa kifupi ni hii: faida ya karaage iko mu nyama, haiko mu kukaanga. Kukaanga kunaleta utamu, nguvu na franga. Kama tunachanganya ile mambo mbili, tunaweza kupoteza yote mbili.

KARAAGE NI NINI?

Mupishi wa Japani anachukua nyama ya paja ya kuku, anatosha mifupa, anakata vipande vidogo vya gramu 30 hivi, yaani vya kuenea mu kinywa mara mbili ao tatu. Anailaza mu muchuzi ya soja pamoja na tangawizi yenye kusagwa, kitunguu saumu, na pombe kidogo ya muchele yenye inaitwa sake. Inakaa pale nusu saa hivi. Kisha anapakaa kila kipande unga nyeupe na laini, na anakaanga mu mafuta ya moto.

Ile unga inaitwa katakuriko. Zamani ilikuwa inatoka mu mizizi ya ua moja ya pori yenye jina katakuri. Siku hizi inatoka mu viazi, zaidi sana viazi vya Hokkaido, kisiwa ya kaskazini. Si unga ya kiazi yenye kukaushwa na kusagwa, hapana. Ni amido: ile kitu nyeupe yenye inashuka chini ya maji kisha kusaga kiazi na kuisafisha. Mutu mwenye anatengeneza amido ya muhogo anajua ile kazi. Ni sawasawa.

Amido inafanya ngozi ya inje ikauke na kulia "kacha kacha" kwa meno, na inazuia maji ya nyama isitoke yote. Amido inakamata pia mafuta kidogo kuliko mukate yenye kusagwa yenye watu wanapakaa mu namna zingine za kukaanga. Juu ya ile, karaage inabaki tamu hata kama imepoa. Wajapani wanaitia mu bento, yaani chakula yenye mutu anabeba mu sanduku ndogo kwenda kazini ao masomoni.

ILITOKA WAPI?

Mutu anaweza kuwaza kama Wajapani walikula kuku tangu zamani sana. Si vile. Mu mwaka 675 mufalme Tenmu alikataza watu kula ngombe, farasi, imbwa, nyani na kuku kuanzia mwezi ya ine mupaka mwezi ya tisa. Kwa miaka mamia mingi watu walikula zaidi samaki, muchele, soja na mboga. Nyama ilikuwa kidogo. Karaage ya kuku mu hoteli na restora ni kitu ya miaka mia ya nyuma hivi: restora moja ya Tokyo, Mikasa Kaikan ya Ginza, inasema ilianza kuuzisha kuku ya kukaanga ya namna ile mu mwaka 1932.

Lakini fasi yenye inatufundisha sisi wafugaji ni ingine: jimbo ya Oita, kwenye kisiwa ya Kyushu, kusini ya inchi. Kule kuko miji mbili ya jirani, Usa na Nakatsu. Kisha vita ya pili ya dunia, inchi ilikuwa na njaa, na mu ile sehemu watu wengi walianza kufuga kuku. Kuku zilikuwa pale, mayai pale, lakini nyama ilihitaji mutu wa kuinunua. Watu wa Usa wanaeleza kama restora moja ilianza kuuzisha kuku ya kukaanga, wengine wakajifunza, na kidogo kidogo duka ndogo zikafunguka zenye kazi yake ni karaage tu. Kisha ikaingia Nakatsu, na ni Nakatsu njo ilifanya ijulikane mu Japani yote.

Angalieni vile zile duka zinatumika, juu ile ni somo:

– Ni duka ndogo, mara mingi ya jamaa moja. Hakuna meza na viti. Mununuzi anafika, anaomba gramu ngapi anataka, anangojea dakika kidogo, anapata kuku ya moto, anaenda nayo kwake.

– Nyama inapimwa kwa kilo. Mwenye franga kidogo anapata gramu 100, mwenye jamaa kubwa anapata kilo moja.

– Hakuna kitu inatupwa. Paja, kifua, mabawa, firigisi, hata ile mufupa laini yenye inalia kwa meno, kila moja iko na bei yake.

– Kila duka iko na muchanganyiko yake ya kulaza nyama: moja inatumia muchuzi ya soja, ingine chumvi, ingine inazidisha kitunguu saumu. Watu wanachagua duka yenye wanapenda, na hivi mashindano haiui mutu.

MU GRAMU 100 MUKO NINI?

Wizara ya elimu ya Japani inachapisha kitabu yenye kuonyesha kila chakula iko na nini ndani. Karaage pia iko ndani. Mu gramu 100 ya paja na ngozi yake, yenye kukaangwa kwa namna hii, muko karibu:

– Nguvu: kilokalori 310
– Proteini (chakula ya kujenga mwili): gramu 24
– Mafuta: gramu 18
– Wanga, yaani ile amido: gramu 13
– Chumvi: gramu 2.5

Gramu 100 ni vipande vitatu ao vine hivi. Tuangalie ile hesabu polepole.

Proteini kwanza. Mutu mukubwa wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 ya proteini kila siku. Gramu 100 ya karaage inamupatia karibu nusu. Kipande kimoja cha gramu 30 kinaleta karibu gramu 7, yaani kuzidi kidogo yai moja, yenye inaleta karibu gramu 6. Kwa mutoto wa miaka mbili, ile kipande kimoja ni karibu nusu ya proteini yenye anahitaji siku ile. Na proteini ya kuku ni ya muzuri: iko na kila sehemu yenye mwili hauwezi kujitengenezea peke yake. Bugali ya muhogo haina ile. Unga ya muhogo iko na proteini kidogo sana, gramu moja ao mbili tu mu gramu 100. Juu ya ile, mutoto mwenye anashiba bugali kila siku anaweza kuwa na tumbo yenye kujaa na mwili wenye njaa.

Sasa jambo moja yenye watu wengi hawajue. Paja ya kuku yenye haijapikwa, na ngozi yake, iko na proteini karibu gramu 17 mu gramu 100. Namna gani imepanda mupaka 24 kisha kukaangwa? Mafuta imeleta proteini? Hapana. Ni maji njo imetoka. Nyama mbichi ni maji zaidi ya nusu; mafuta ya moto inafukuza sehemu ya ile maji, nyama inapunguka uzito, na ile yenye inabaki inakuwa nzito mu proteini. Kama unapima nyama mbichi na unapima ile yenye kukaangwa, hautapata uzito moja. Ile kitu iko na maana kwa mwili, na iko na maana pia kwa bei, tutarudilia.

Mafuta. Gramu moja ya mafuta inatoa kilokalori 9. Gramu moja ya proteini ao ya wanga inatoa 4. Piga hesabu: gramu 18 ya mafuta ni kilokalori 162. Ni kusema zaidi ya nusu ya nguvu yote ya karaage inatoka mu mafuta. Sehemu ingine ni mafuta ya kukaangia, lakini sehemu ingine ni ya kuku yenyewe, zaidi sana mu ngozi. Ukitosha ngozi mbele ya kukaanga, mafuta inashuka mupaka gramu 11 hivi na nguvu mupaka kilokalori 250 hivi, na proteini inabaki 25. Ile kazi ya kisu ni ya bure.

Chumvi. Shirika ya afya ya dunia, OMS, inaomba mutu mukubwa asipite gramu 5 ya chumvi kwa siku. Gramu 100 ya karaage peke yake inaleta nusu, juu muchuzi ya soja ni chumvi tele. Kwetu tunapika na kibe ya chumvi na sukari ya viungo, ile ya mu karatasi ndogo. Ni hatari moja: presha. Mwenye presha ya juu asikule hii chakula kila siku.

Madini. Nyama ya paja, ile yenye rangi ya giza kidogo, iko na chuma na zinki kuliko nyama nyeupe ya kifua. Chuma inasaidia damu; zinki inasaidia mutoto kukomaa na mwili kupigana na magonjwa. Lakini kama ni chuma unatafuta, usisahau maini. Maini ya kuku iko na chuma mara mingi kupita paja, na vitamini A tele. Kidogo tu inatosha, mara moja mu juma. Mara mingi ile maini inapewa baba ao mugeni. Tuwaze muzuri: ni nani mu nyumba mwenye damu kidogo?

SAHANI MOJA, MAULIZO MBILI

Mu Japani, waganga na wafundishaji wa chakula hawasemi mutu akule karaage kila siku. Shida yao ni watu wakubwa wenye kukaa mu biro, kula mafuta mingi na kunenepa. Wanawaambia: kula kidogo, tosha ngozi, ongeza mboga. Na kweli, vile karaage inatiwa mu meza kule, haiko peke yake. Kuko muchele, kuko kabeji mbichi yenye kukatwa nyembamba sana, kuko kipande cha ndimu, kuko supu ya soja yenye inaitwa miso. Kabeji na ndimu inaleta vitamini C, na vitamini C inasaidia mwili kuchukua chuma yenye iko mu mboga na maharagi. Sahani inajengwa na vitu vingi. Kuku ni kimoja.

Watoto wa masomo wanapata chakula ya saa sita masomoni. Sheria ya ile chakula ni ya mwaka 1954. Kuko watu wenye walijifunza kazi ya chakula njo wanapanga sahani ya kila siku, na watoto wanajifunza pale pale chakula inatoka wapi na inafanya nini. Siku yenye karaage iko, watoto wanafurahi. Lakini siku ingine ni samaki, siku ingine ni soja.

Mu vijiji vyetu, ulizo ni ingine. Jamaa wengi hawana shida ya kula kuku sana. Kuku inakuliwa Noeli, bunane, ao mugeni akifika. Kuku ni banki: inauzishwa kwa kulipa masomo na dawa. Mutoto anazaliwa mu nyumba yenye kuku kumi na anaweza kumaliza mwezi mbili bila kuonja. Kwa hiyo sahani moja ya karaage inauliza Mujapani: "Je, haujakula mafuta ya kupita?" Sisi inatuuliza: "Je, mutoto wako alipata kipande?"

Juu ya ile, shauri yetu kwa matumizi ya nyumbani ni hii: usikaange, chemusha. Kuku yenye kuchemushwa iko na proteini ile ile, na ile yenye imetoka mu nyama inabaki mu supu. Supu inaenda mu bugali ya mutoto. Mafuta ya kukaangia ni bei, na nusu yake inabaki mu sufuria. Kwa mutoto wa kuanzia miezi sita, ponda nyama laini kabisa, tosha kila mufupa. Kipande kigumu chenye kukaangwa si chakula ya mutoto mudogo, anaweza kukabwa.

Na tusisahau yenye tuko nayo tayari. Gramu 100 ya maharagi yenye kukauka iko na proteini karibu gramu 22. Kalanga iko na karibu gramu 25. Soja inapita yote mbili. Sambaza na ndagala zenye kukauka ni za muzuri sana. Mutu mwenye anauzisha maharagi yake yote kusudi anunue kuku ya kukaanga mujini, amebadilisha gunia na kipande.

KUKAANGA KWA KUUZISHA: YENYE KUWEZEKANA NA VITU VYETU

Kukaanga kuko na fasi yake: soko, barabara, masomo, mukutano, sherehe. Pale koperative inaweza kupata kitu kupita kuuzisha kuku muzima. Hii ni namna ya Wajapani, na vitu vyetu. Kwa gramu 500 ya nyama bila mifupa:

– Chumvi kijiko kidogo kimoja cha chai, chenye hakijae sana, na ndimu kidogo. Inachukua fasi ya muchuzi ya soja, na inagharimu kidogo.
– Tangawizi yenye kusagwa, kijiko kimoja. Kitunguu saumu, meno mbili.
– Amido ya muhogo yenye kukauka, vijiko vikubwa sita hivi.
– Mafuta nyeupe ya kukaangia, ya kufunika vipande.

Kata vipande vya ukubwa moja, juu vikiwa tofauti, kidogo kitaungua wakati kikubwa kingali kibichi. Laza nyama nusu saa, fasi ya baridi na yenye kufunikwa. Kausha maji ya juu, pakaa amido, kungunta ile yenye kuzidi.

Wajapani wanakaanga mara mbili. Mara ya kwanza mu mafuta ya moto wa kadiri, karibu digre 160 mupaka 170, dakika tatu ao ine. Wanatosha vipande, wanaviacha vipumzike dakika ine. Moto wenye uko ndani unaendelea kupika katikati. Kisha wanarudisha mu mafuta ya moto zaidi, karibu digre 190, dakika moja, kusudi inje ikauke. Mbona mara mbili? Juu ukiweka moto mukali tangu mwanzo, inje inaungua na ndani kuko damu.

Hauna termometre? Changanya amido na maji kidogo, angusha tone moja mu mafuta. Kama inashuka mupaka chini na kupanda polepole, moto ungali kidogo. Kama inashuka nusu na kupanda, ni muzuri kwa mara ya kwanza. Kama inatawanyika juu juu pale pale, ni moto wa mara ya pili. Mafuta ikianza kutoa moshi, umepita, tosha makala.

Amido ya muhogo inapaswa kuwa yenye kusafishwa na maji mingi na kukauka muzuri, zaidi sana kama muhogo ni ya uchungu, juu ya ile sumu yake. Mu Taiwan, jirani ya Japani, wapishi wanakaanga kuku na unga ya kiazi kitamu. Ni kusema amido ya muzizi yetu si kitu ya aibu, inafanya kazi.

Mambo tano ya kuchunga:

1. Kuku ya kuzeeka ya kijiji haiwezi kuiva kwa dakika tano. Ichemushe kwanza mupaka ilainike, chunga supu, kisha pakaa amido na kaanga dakika mbili. Karaage ya mara moja inaomba kuku kijana.

2. Mawese ya rangi nyekundu si ya kukaangia. Ile rangi njo vitamini A ya watoto, na moto mukali unaiua. Tia mawese mu sombe na mu maharagi, na moto kidogo. Kwa kukaanga tafuta mafuta nyeupe.

3. Mafuta yenye imekuwa nyeusi, yenye povu, yenye harufu ya uchungu ao yenye inatoa moshi mbio, itupwe. Kisha kila kazi, chuja na kitambaa, funika, weka fasi ya giza. Usiongeze mafuta mupya juu ya ile yenye kuharibika.

4. Ndani iive. Sheria ya wizara ya afya ya Japani ni digre 75 katikati ya nyama kwa dakika moja. Wewe pasua kipande kikubwa kupita vyote: nyama iwe nyeupe, maji iwe safi, bila rangi ya damu. Hata kule Japani, kuko mikrobe ya kuku, Campylobacter, yenye inagonjesha watu kila mwaka, zaidi wenye kula kuku mbichi ao yenye haijaiva. Kisu na mbao vya nyama mbichi visiguse nyama yenye kuiva.

5. Kuku yenye imekufa yenyewe haikaangwe, haiuzishwe. Izikwe ao ichomwe. Mafuta haisafishe ugonjwa, na kuibeba sokoni kunapeleka ugonjwa ya Newcastle mu mabanda ya wengine.

Na moto: kama mafuta inashika moto, usimwange maji hata kidogo. Funika sufuria na kifuniko, tosha kwa makala. Watoto wakae mbali.

HESABU MBELE YA KUANZA

Koperative isiwashe moto mbele ya kuandika hesabu. Kuku muzima ya kilo 2, kisha kutosha manyoya, damu na matumbo, inabaki karibu kilo 1.4. Kisha kutosha mifupa inapunguka tena. Kisha kukaanga, maji inatoka, inapunguka tena. Kama unaweka bei ya kilo ya kuku muzima juu ya kilo ya kuku ya kukaanga, unafanya kazi bure.

Fanyeni hivi: chukueni kuku tatu za kujaribu. Pimeni muzima, pimeni kisha kuchinja, pimeni vipande vibichi, pimeni vyenye kukaangwa. Andikeni kila kitu mu daftari. Kisha ongezeni bei ya mafuta, amido, chumvi, makala, karatasi ya kufungia, na siku ya mutu mwenye anakaanga. Gawanyeni kwa hesabu ya vipande vyenye mumepata. Hapo njo mutajua bei ya kipande chenye hakiwaletei hasara. Amueni pia kama munapima nyama mbichi ao yenye kuiva, na muambie mununuzi wazi, juu bila ile atawaza munamuiba.

Mifupa, shingo, miguu na firigisi visitoke bure. Mifupa inafanya supu ya kuuzisha asubui. Firigisi iko na bei yake, sawa kule Nakatsu.

Kuko pia somo ya kuku ya kienyeji. Mu Japani, mutu hawezi kuita kuku yake jidori, yaani kuku ya asili, vile anapenda. Sheria inaomba nusu ya damu yake itoke mu mbegu za asili, ifugwe siku 75 ao zaidi, na kuanzia siku 28 itembee chini, kuku zisipite kumi mu metre karé moja. Juu mununuzi anajua ile sheria inachungwa, anakubali kulipa zaidi. Kuku zetu za kijiji ziko na utamu ule. Yenye inakosa ni makubaliano: koperative yote kusema, "Kuku yetu inafugwa hivi, inachanjwa hivi," na kuchunga neno lake.

YA KUKUMBUKA

– Faida kubwa ya karaage ni proteini ya nyama. Amido na mafuta ni nguvu na utamu.
– Tosha ngozi, punguza chumvi, tia mboga na ndimu kandokando.
– Nyumbani chemusha, sokoni kaanga.
– Mawese nyekundu kwa mboga, mafuta nyeupe kwa kukaanga.
– Pima, andika, kisha weka bei.

MAULIZO YA KUONGEA MU KIKUNDI

1. Mu mwezi yenye imepita, ni kuku ngapi zilitoka mu banda zako? Ngapi ziliuzishwa, ngapi zilikufa, ngapi zilikuliwa nyumbani?

2. Siku kuku inachinjwa kwenu, paja inaenda kwa nani, na maini inaenda kwa nani? Na kama tunakubaliana kwamba kila jamaa ya koperative itachinja kuku moja kila mwezi kwa ajili ya watoto na wamama wa mimba, ni nini itatuzuia?